Upande Aliouonyesha Shangazi

Mwaka wa El Niño tuliishi kwa kuhesabu viatu. Mvua ilianza Oktoba 1997, na ilipokuja kukatika tulikuwa tumeshaingia mwaka mwingine, na njia ya kupanda kwetu Laiser Hill kutoka barabara ya Magadi ilikuwa imegeuka uji. Wanaume walishuka na gambuti hadi steji, wakaziacha kwa mwenye kioski, wakapanda matatu ya 125 wakiwa na viatu vya kazini. Jumapili ndiyo ilikuwa kioja. Akina mama waliokataa kata kata kwenda kanisani na gambuti walishuka na viatu vya kisigino kirefu, wameshikana mikono kama wanaovuka mto, na nyuma yao wakatuachia tope lililojaa alama: soli, na nyuma yake kidogo kijishimo cha kisigino. Soli na kijishimo, soli na kijishimo, mpaka kwenye lami.

Nilikuwa darasa la nane, na kati ya mvua ile na mtihani wa KCPE sikumbuki kipi kilinitia hofu zaidi. Alama za viatu sikuzifikiria tena mpaka 2003, nilipokutana nazo mahali nisipozitarajia kabisa: kwenye picha ya eksirei ya fuvu la mtu, moja kulia na moja kushoto, soli na kisigino chake.

Laiser ni ukoo mkubwa wa Wamaasai, ndio uliotoa malaiboni, viongozi wao wa kiroho. Watu wa mbali wakisikia Laiser Hill hufikiria shule. Sisi wakazi tulimaanisha mteremko wote ule wa Ongata Rongai: nyumba za mawe zisizopigwa plasta, mabati yanayoimba usiku, ng'ombe wanaokatiza katikati ya ploti kana kwamba habari za hati za ardhi hazijawafikia. Mawe ya nyumba yetu yalitoka machimbo ya Kware, hapo hapo Rongai. Mafundi waliyachonga kwa nyundo na patasi, tindi, tindi, tangu alfajiri, na hadi leo nikisikia mlio huo najiona nimechelewa shule. Jioni upepo ulikuja kutoka upande wa Athi, umevuka mbuga nzima bila kukutana na kizuizi, ukatupiga sisi wa kilimani kwanza.

Upepo huo ndio uliomleta Shangazi, ingawa wakati ule sikujua.

Alikuwa anaishi Kitengela, ana kibanda cha mboga na nafaka kando ya barabara ya Namanga. Kitengela ya miaka hiyo ilikuwa tambarare tupu yenye mji katikati, na upepo wake haukuwa na adabu. Februari 1998 njia ya mkato ya Tuala ilikuwa bado haipitiki, kwa hiyo alizunguka Nairobi, akabadilisha matatu, akafika kwetu magharibi na begi moja, jiko la makaa na leso aliyojifunika upande wa kulia wa uso. Baba alidhani amepigwa. Alimwambia, "Dada, nani amekugusa?" Shangazi akatikisa kichwa polepole sana, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa pomoni. Hakujibu. Baadaye tulielewa kwamba kujibu kungemgharimu.

Nitaeleza namna alivyokunywa chai, maana ndiyo picha niliyobaki nayo. Aliimimina kwenye sahani ipoe, ipoe kabisa, iwe vuguvugu ya kuudhi. Kisha aliinamisha kichwa kushoto, akapitisha ukingo wa sahani kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, akaiacha chai iteleze yenyewe. Kuna siku alifika nusu. Kuna siku mkono ulisimama hewani, jicho la kulia likafumba, uso mzima ukakunjana upande mmoja kama karatasi iliyoshikwa na moto, na sisi wote mezani tukaacha kutafuna. Sekunde kumi. Ishirini. Kisha maumivu yakaachilia, naye akaomba radhi, kana kwamba amekohoa mbele ya wageni.

Alisema ni stima. Hakuwa na neno jingine. "Ni kama waya imeguswa, mwanangu. Inaanza hapa kwenye fizi, inapiga mpaka hapa." Alipoonyesha hapa, kidole kilisimama inchi moja mbali na ngozi. Hakuwahi kujigusa. Kunawa uso, kupiga mswaki, leso kuteleza, mlango kufunguliwa ghafla upepo ukaingia: chochote kilitosha kuwasha ile stima.

Alikuwa ameshang'olewa meno matatu. Maumivu yalipiga kwenye taya, kwa hiyo alikwenda kwa wa meno, na wa meno akang'oa. Wiki mbili za nafuu, kisha yakarudi, wakang'oa la jirani yake. La tatu aliliomba mwenyewe. Meno yote matatu yalikuwa mazima. Aliyaweka kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na mimi kwa utundu wa umri ule niliyakagua moja moja nikitafuta tundu, nisilione. Hasira niliyonayo kuhusu yale meno haijaisha. Lakini nimefanya kazi hospitalini miaka mingi sasa, na najua jinsi inavyokuwa: mgonjwa anaelekeza kidole mahali, nawe unatazama mahali pale. Ni nani angefikiri kwamba jino linalouma halina hatia?

Majirani walikuwa na maelezo yao. Sitayarudia yote. Mmoja alisema ni kijicho cha wafanyabiashara wenzake wa Kitengela. Mwingine alileta mizizi ya kusukutua. Kundi la maombi lilikuja na ngoma, na ngoma ile ilimtesa kuliko upepo. Mwishowe daktari mmoja kijana, tena wa hospitali ya serikali ambako tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, alimkalisha, akachukua pamba, akaisokota ncha iwe nyembamba, akamgusa paji la uso, shavu, kidevu. Kushoto kwanza. Kisha kulia. Alipofika pembe ya pua Shangazi aliruka kitini. Daktari akasema haya si meno, ni neva ya tano, akaandika vidonge.

Kwenye duka la dawa pale Rongai muuzaji aliitazama karatasi, akamtazama Shangazi, akauliza kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "Nani nyumbani ana kifafa?"

Ilikuwa kabamazepini. Ni kweli ni dawa ya kifafa. Mwaka 1962 daktari wa Sweden aitwaye Blom aliandika kwamba inayatuliza pia maumivu haya ya uso, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza kujaribiwa, kwa sababu kinachofanyika ni kile kile: neva zinazowaka ovyo zinapunguzwa makali. Lakini jambo hilo halikuandikwa kwenye pakiti, na Laiser Hill ilikuwa kijiji bado. Kufikia Jumapili Shangazi alikuwa na kifafa. Vidonge vilimfaa, vikampa kizunguzungu na usingizi wa mchana, akaweza kula ugali. Ila alianza kukaa ndani wageni wakija.

Mimi nilikwenda sekondari, nikamaliza 2001, na baada ya kuhangaika kidogo nikapata nafasi chuo cha mafunzo ya utabibu Nairobi, KMTC, kusomea upigaji picha za mwili. Ningependa kusema nilikwenda kwa ajili ya Shangazi. Nilikwenda kwa sababu ndiyo kozi iliyonikubali.

Mwalimu wetu wa mikao alikuwa mtu wa zamani, wa enzi ambapo picha ya kichwa ilipigwa kwa eksirei ya kawaida na ustadi wote ulikuwa kwenye shingo ya mgonjwa. Alitufundisha mkao ambao hata wakati ule ulikuwa umeanza kuachwa: mgonjwa anakunja shingo kwa nyuma mpaka utosi unagusa kaseti, kidevu kinatazama juu kama mtu anayekunywa maji ya mvua, na mwale unaingia chini ya kidevu na kutokea utosini. Ni mkao wa mateso kwa mzee yeyote. Lakini kabla CT haijaenea, ilikuwa mojawapo ya njia chache za kutazama sakafu ya fuvu kutoka chini, na hapo, katikati ya ukungu wa kijivu, mwalimu aliweka ncha ya kalamu yake. "Haya matundu mawili, moja kama yai, moja dogo nyuma yake kwa nje. Mnaona nini?"

Wengine waliona yai na punje. Mimi niliona Jumapili ya El Niño. Soli na kisigino.

Nilicheka, nikaulizwa kwa nini, nikaeleza, na mwalimu badala ya kukasirika akasema nisisahau. Baadaye niligundua kwamba wasomaji wa picha duniani kote husema hivyo hivyo, kwamba ni alama ya kiatu cha mwanamke. Niliumia kidogo. Nilidhani tope lile lilikuwa letu peke yetu.

Soli ni tundu yai. Urefu wake ni kama milimita 7, upana 4 hivi; punje ya ndengu itapita kwa taabu. Hapo ndipo tawi la tatu la neva ya tano hushuka kwenda taya la chini, kwenye ulimi, kwenye meno ya chini, na kwenye misuli ya kutafuna. Kisigino ni tundu la mwiba, lenye nafasi ya njiti ya kibiriti, na kinachopita humo hasa si neva hiyo bali ateri inayolisha utando unaofunika ubongo. Yote mawili yametoboa bawa la mfupa mmoja, sfenoidi, uliotanda katikati ya fuvu kama popo. Mbele kidogo katika mfupa huo huo kuna tundu mviringo, njia ya tawi la pili kwenda shavuni, kwenye mdomo wa juu na meno ya juu. Na juu zaidi, nyuma ya jicho, si tundu bali ni ufa, ambamo tawi la kwanza hupita kwenda jichoni na kwenye paji la uso. Matawi matatu, njia tatu. Nilipochora hivyo kwenye daftari nilimwona yule daktari kijana na pamba yake: paji, shavu, kidevu. Hakuwa akigusa ngozi tu. Alikuwa anabisha kwenye milango mitatu.

Ukilisoma fuvu kwa vitabu tu unalikosa. Kwa hiyo likizo ya Desemba 2003 nilinunua kichwa cha mbuzi kwa mwenye bucha pale Rongai, nikakichemsha kwenye sufuria kuukuu uani mpaka nyama ikaachana na mfupa (supu haikupotea, Baba aliikomboa), nikakisugua kwa majivu. Shangazi alivuta kigoda akaketi kando yangu, leso usoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona anataka kujua jambo.

"Tundu la maumivu liko wapi?"

Nikageuza fuvu, nikamwonyesha tundu yai la mbuzi. Kisha nikatafuta tundu mviringo. Halikuwepo. Nilitafuta kulia, nikatafuta kushoto, nikachokoza kwa njiti ya ufagio. Palikuwa na uwazi mmoja mkubwa tu nyuma ya jicho. Chuo kilipofunguliwa mwalimu alinieleza kwamba kwa wacheuaji ule ufa na tundu mviringo huungana, matawi mawili yakapita mlango mmoja. Lakini siku ile uani sikuwa na jibu, na Shangazi alisema, "Basi mbuzi ameumbwa vizuri zaidi. Milango michache, shida chache."

Kuhusu majina ya sehemu hizi nina mawazo yangu. Fundo kubwa la neva, mahali matawi matatu yanapogawanyika, linabeba jina la Gasser, mwalimu wa Vienna, kwa sababu mwanafunzi wake Hirsch aliandika hivyo mwaka 1765 kwa heshima yake. Kijifuko cha utando lilimolala fundo hilo, chenye maji ndani, kinaitwa pango la Meckel, aliyelieleza mwaka 1748. Yale maumivu yenyewe Nicolas André wa Ufaransa aliyapa jina 1756. Watu wa karne moja, kama majirani, kila mmoja ameweka kibao kwenye geti lake. Wachinjaji wa Kiserian wamepasua mafuvu kabla na baada ya hapo, wanajua kila mwanya shoka linapopita kwa urahisi, na hawajawahi kuweka kibao.

Njia ya neva hiyo kabla ya milango yake niliielewa kwa barabara yetu wenyewe. Inatoka ubavuni mwa shina la ubongo, inavuka nafasi fupi ya maji, inapanda kwenye ncha ya mfupa wa sikio, ule ulio mgumu kama jiwe na ambao wataalamu waliuita kwa neno la mwamba, inaacha mkwaruzo mdogo mgongoni mwa ncha hiyo, kisha ghafla inashuka kwenye pango la Meckel. Aliyepita Kiserian akafika Kona Baridi anajua mshuko huo. Unapanda, unapanda, upepo unakupiga, bega la mlima linakatika, na Bonde la Ufa linafunguka chini yako lote kwa mara moja. Ukinipa picha ya fuvu leo na kuniuliza ncha ya mwamba iko wapi, moyoni nasema Kona Baridi.

Na barabara hiyo hiyo ukiifuata zaidi inakufikisha Olorgesailie. Tulipelekwa huko tukiwa darasa la saba. Tulitembea juu ya vijia vya mbao tukitazama mashoka ya mawe yaliyolala chini kwa mamia kama viazi vilivyomwagika, na kijana mwenzetu akauliza swali la maana kuliko yote ya safari ile: watu wenyewe wako wapi? Mwelekezi alisema hawajaonekana. Mary na Louis Leakey walianza kazi hapo 1942, zana zikapatikana tele, lakini aliyezichonga hakuonekana hata mfupa. Nikiwa chuoni ndipo habari ilipotoka: mwaka 2003 watafiti walikuwa wamepata vipande vya fuvu, sehemu ya paji na mfupa wa pembeni wa kushoto, vya mtu wa miaka kama laki tisa iliyopita. Miaka 61 ya kutembea juu ya kazi ya mikono yake. Nilimsomea Shangazi gazeti. Aliuliza kama mfupa wa kulia haukupatikana, nikasema ndiyo, haukupatikana. Akasema, "Labda wa kulia ulikuwa unamuuma, akautupa." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya mzaha, bila kucheka, maana kucheka pia kuliamsha stima.

Vidonge vilianza kushindwa 2005. Dozi ikapandishwa, akawa anaegemea ukuta akitembea. Daktari wa neva akataka MRI, na kwetu neno hilo lilimaanisha harambee. Ilifanyika uani, sufuria moja ya pilau na kitabu cha majina, na waliochanga zaidi ni wale wale waliotangaza kifafa. Hivyo ndivyo watu walivyo, na sijui kwa nini bado hunishangaza.

Nilikuwa katika mafunzo ya kazini, nikaruhusiwa kuingia chumba cha kompyuta. Nilimvua hereni mwenyewe, nikamtoa pini za nywele, nikamhesabia mara mbili, maana sumaku ile haina msamaha kwa chuma. Kichwa kikawekwa kwenye kizimba chake. Nilimwambia kelele zitakuwa kama mafundi wa Kware, tindi tindi, asishtuke. Akasema, "Basi nitalala." Na kweli alilala, kwa mara ya kwanza kwa siku kadhaa, katikati ya kelele zile, kwa sababu ndani ya bomba lile hakukuwa na upepo.

CT inaonyesha mfupa, na kila nikiitaja hupenda kukumbusha kwamba mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake, 1979, alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Lakini kwa Shangazi mfupa haukuwa tatizo. Milango yake yote ilikuwa sawa. Ilihitajika picha ya aina nyingine, vipande vyembamba sana ambamo maji ya ubongo hutoka meupe kama maziwa na kila kinachopita ndani yake, neva au mshipa wa damu, hutoka cheusi. Daktari wa picha, mzee mwenye miwani ya kuning'inia, alishuka kipande kwa kipande bila kusema. Shina la ubongo likatokea, duara la kijivu. Kisha kutoka mbavuni mwake, kamba mbili nyeusi zikaelekea mbele, kulia na kushoto, zikivuka ule weupe kama nguo zilizoanikwa, mpaka kwenye vidimbwi viwili vyeupe vya Meckel.

"Kulia," akasema, na kuikuza picha.

Kamba ya kulia haikuwa imenyooka. Karibu kabisa na mahali inapotoka kwenye shina, kitu chembamba cheusi kilikuwa kimeilalia kutoka juu, na kamba ilikuwa imebonyea chini yake. Ateri ya juu ya ubongo mdogo, mkosaji wa kawaida. Walter Dandy, mpasuaji wa Marekani, alikuwa ameona mishipa imeilalia neva hii tangu miaka ya 1930, na Peter Jannetta baadaye akajenga juu yake upasuaji mzima. Ateri inapiga na kila pigo la moyo. Hapo ilipoegemea, ganda la neva lilikuwa limechubuka, na waya zilizochubuka zikigusana hurushiana cheche. Shangazi alikuwa amesema stima tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na njia mbili mbele yake. Moja ni kufunguliwa nyuma ya sikio na kuwekwa kijipamba cha Teflon kati ya mshipa na neva. Ya pili ni sindano ndefu inayoingia shavuni, kando ya mdomo, ikapanda chini ya fuvu mpaka kwenye ile soli, tundu yai, na kulichoma fundo lenyewe. Nilimweleza zote, kwa michoro. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, meno matatu nimeshawapa. Kichwa wasubiri."

Hakufanyiwa. Walimbadilishia dawa, wakaongeza nyingine, na baadaye maumivu yenyewe yalimwacha kwa miezi mirefu, kama yanavyofanya, yakarudi, yakamwacha tena. Mimi nimeshasimama kwenye mashine ya eksirei chumba cha upasuaji mara kadhaa wakati sindano ile ikitafuta mlango, nikizungusha mkono wa mashine mpaka soli na kisigino vitokee sawasawa kwenye kioo, na kila mara mikono yangu hutoa jasho ndani ya glavu. Ni milimita chache. Pembeni tu kuna ateri kubwa ya kichwa.

Kilichombadilisha Shangazi ni ile filamu. Karatasi moja kubwa, vipicha vingi katika safu. Aliiweka chini ya godoro isikunjike, na wageni walipokuja hakukimbilia ndani tena. Aliitoa kwenye bahasha yake, akaenda dirishani, akaiinua dhidi ya mwanga ili mteremko wote wa Laiser Hill uonekane kwa nyuma kama kivuli, na akawaonyesha. Alijua kabisa: safu ya tatu, kipicha cha pili. "Huu hapa mshipa. Huu hapa umekalia neva. Si kifafa, si meno, si kijicho." Yule muuzaji wa dawa alionyeshwa. Kundi la maombi lilionyeshwa, bila ngoma. Nadhani hata mwenye bucha alionyeshwa.

Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilikuwa nimesimama nyuma yake, na niliona kidole chake kimekwenda upande wa kulia wa karatasi. Picha zetu husomwa kana kwamba umesimama mbele ya mgonjwa mkitazamana: kulia kwake kuko kushoto kwako. Alikuwa anaonyesha upande wake wa kushoto, usiouma. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Kisha, kwa ule mwanga wa dirishani, nikatazama vizuri pale alipokuwa ameweka ukucha. Mzee mwenye miwani alikuwa amepita hapo haraka. Kamba ya kushoto ilikuwa imenyooka vizuri, haijabonyea hata kidogo, na juu yake, umeigusa kabisa, ulikuwepo mshipa mwembamba mweusi, umetulia, hauna neno na mtu.